Ndugu yako kalazwa kwa kiharusi: cha kufanya na cha kuacha siku za mwanzo

Siku ya tisa wodini, kwenye saa tatu usiku, nilikua namsafisha bamkubwa mdomo kwa kitambaa chenye maji, nikakuta donge la ugali na kisamvu limejificha kwenye shavu la kulia. Limekaa pale tangu mchana. Yeye mwenyewe hana habari nalo, na sisi tulioshinda nae siku nzima tukimsifia kwamba leo mzee kala vizuri hatukua na habari pia. Angelala nalo lile donge, usingizini lingeteleza likaingia njia ya hewa, basi. Nilikaa kwenye ndoo pale pembeni ya kitanda nikawaza, kumbe kumpenda mgonjwa na kujua kumuuguza ni vitu viwili tofauti kabisa.

Ndo maana naandika. Mimi sio daktari, ni mtu wa Tandahimba tu nilieuguza, nikauliza sana, nikasoma, na nimegundua kitu kimoja ambacho natamani ningeambiwa siku ya kwanza: kwenye kiharusi, mengi tunayoyafanya kwa mapenzi na mazoea, yani kumlisha, kumvuta mkono ainuke, kumkanda na maji ya moto, kumfanyia kila kitu, ndo hayohayo yanaweza kumrudisha nyuma.

Tuanzie mwanzo kidogo. Bamkubwa alipatwa asubuhi, msimu wa korosho, siku ambayo chama cha msingi kilikua na mnada. Alitoka chumbani kavaa ndala, hatua tatu ndala ya kulia ikamtoka mguuni, akaendelea kutembea bila kujua kama imetoka. Mdomo ulikua umeenda upande, akiongea maneno hayaeleweki. Wapo waliosema kapigwa upepo, wapo waliosema katupiwa kitu, ikatafutwa dawa ya kufukiza, yakapotea masaa. Siwalaumu, manake ukiona mtu mzima aliekula vizuri usiku anaamka nusu ya mwili haimtii, akili inakimbilia huko. Ila sababu iko kichwani. Ama mshipa wa damu unaopeleka damu kwenye ubongo umeziba, ama umepasuka na damu imevuja. Duniani vingi ni vya kuziba, ila kwetu Afrika vya kupasuka ni vingi zaidi kuliko Ulaya, na presha isiyotibiwa ndo mchangiaji mkubwa. Sehemu ya ubongo ikikosa damu inakufa haraka, wataalamu walikadiria karibu seli milioni 2 kila dakika kwenye kiharusi kikubwa cha mshipa kuziba. Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda lakini inatakiwa ndani ya masaa manne na nusu tangu dalili zianze, na mpaka CT skani, yani picha ya ndani ya kichwa, ionyeshe kwamba sio kile cha kupasuka. Kwaiyo ukiona mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno yanagongana, usitafute chungu cha kufukiza, tafuta gari. Na aspirini ya nyumbani usimpe, kwasababu kama mshipa umepasuka unamwongezea kuvuja.

Kusini huku tuna Ligula pale Mtwara mjini, Sokoine kule Lindi, za misheni za Ndanda na Nyangao, na ile ya rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Piga simu wakati gari linakuja, ulize CT skani ya wapi inafanya kazi siku hiyo, usije ukazungushwa na mgonjwa.

Sasa kwanini donge la ugali likae shavuni mtu asijue? Ubongo umekaa kimsalaba, upande wa kushoto unaendesha mwili wa kulia na wa kulia unaendesha kushoto. Bamkubwa aliumia upande wa kushoto wa ubongo, kwaiyo mkono wa kulia, mguu wa kulia, shavu la kulia na hata ulimi upande huo, vyote vimelala. Sio nguvu tu iliyoondoka, na hisia pia. Na kwa watu wengi upande wa kushoto wa ubongo ndo wenye lugha, ndo maana wengi wanaopooza kulia na maneno yanawapotea. Ukishaelewa hapo, mambo mengi ya wodini yanaanza kueleweka.

Kubwa kuliko yote siku za mwanzo ni kumeza. Narudia, kumeza. Karibu nusu ya wagonjwa wa kiharusi siku za mwanzo wanapata shida ya kumeza, na ndugu haoni kwasababu mdomo unafunguka na uji unaingia. Siku ya pili nesi alituambia asubuhi mzee asipewe chochote mdomoni mpaka apimwe. Tulikua wawili, tukasikia. Mchana tukabadilishana zamu, akaja shangazi na chupa ya uji wa ulezi kautengeneza kwa moyo wote, na sisi hatukumwambia kitu. Akamlisha mzee kalala chali. Vijiko saba nane. Kakohoa kidogo tu, sauti ikawa ya majimaji kama mtu anaongea huku anasukutua, na shangazi akafurahi kwamba kaka yake kala. Usiku homa, kifua kinakoroma, asubuhi tukaambiwa nimonia, uji umeingia mapafuni. Shangazi alilia mpaka mimi ndo nikawa nambembeleza yeye. Kosa halikua lake peke yake, lilikua letu wote wa zamu ya asubuhi.

Kwaiyo kabla ya kipimo hakuna uji, hakuna maji ya dua, hakuna chai ya kulainisha koo, hata kidonge usimpe. Kipimo chenyewe nilikishuhudia baadae na hakina maajabu. Nesi alimkalisha wima kabisa, akampa kijiko kidogo cha maji, akaweka vidole kwenye koromeo aone kama linapanda, akasubiri, akamwambia sema aaa, akasikiliza ile sauti kama imelowa. Akarudia. Ndo ikaonekana hajawa tayari, akawekewa mpira wa puani. Ndugu wengi tunauogopa ule mpira tunaona kama ndo mwisho wa mtu, hapana, ni wa muda tu, koo lipumzike huku mwili unapata chakula na dawa. Bamkubwa alikaa nao siku sita, kipimo cha pili akafaulu.

Akiruhusiwa kula, mkalishe wima, kijiko kidogo kidogo, usimwinue kidevu juu, hakikisha kameza ndo ulete kingine, na usimpigishe stori wakati anatafuna. Vitu vyepesi kama maji na chai ndo vinamponyoka kirahisi kuliko uji mzito, kwasababu vinakimbia kabla koo halijajifunga, kwaiyo uliza wakuambie anywe vya uzito gani. Akimaliza usimlaze, akae kama nusu saa. Alafu pitisha kidole chenye kitambaa kwenye shavu la upande uliolala, kila mlo, bila kukosa. Piga na mswaki, hata kama hali kwa mdomo, kwasababu mate yenye uchafu yakiteremka kifuani ndo nimonia yenyewe. Na ukisikia sauti imelowa, anakohoa akila, au homa imepanda baada ya kula, simamisha na umwite nesi. Wengine hata hawakohoi, inaingia kimyakimya, ndo maana kile kipimo hakirukwi.

Tulichofanya sisi baada ya ule uji ni kubandika karatasi ukutani juu ya kichwa chake na plasta, maandishi makubwa: ASIPEWE KITU MDOMONI, ULIZA KWANZA. Na tukanunua daftari la mia tano, kila anaemaliza zamu anaandika alichoambiwa na daktari, saa aliyogeuzwa, choo, mkojo, dawa. Hilo daftari lilituokoa mara nyingi sana.

Jingine ni bega. Mkono uliopooza ni mzito, na misuli iliyokua inashikilia bega imelegea, kwaiyo ukimshika kwapani au ukamvuta mkono kumwinua kitandani unaweza kulichomoa bega kwenye nafasi yake, na maumivu yake yanakaa miezi, mtu anashindwa hata kufanya mazoezi. Sisi kwa wema wetu tunajipanga vijana wawili, mmoja kulia mmoja kushoto, haya mzee twende, vuta. Usivute. Mtu wa mazoezi tiba alitufundisha kumviringisha kwanza alale ubavu, miguu itangulie kushuka kitandani, alafu unamsukuma kwa mgongo na bega zima, yeye mwenyewe anasaidia na mkono wake mzima. Akilala au akikaa, ule mkono unauwekea mto chini usining'inie. Kanga iliyokunjwa inatosha kama mto hamna.

Na kumkanda. Hili najua litawaudhi wazee wangu, manake kusini huku mtu akipooza jambo la kwanza ni sufuria la maji ya moto na majani na taulo. Jamani, upande ule hausikii moto. Mgonjwa hatosema yanachoma, hata kama ngozi inaungua, wewe utagundua malengelenge kesho yake. Kupaka mafuta taratibu na kumsugua kwa upole sio tatizo, wengi inawatuliza, ila maji ya moto acha. Na ukiona mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake, una joto, unauma, hapo usiuguse kabisa kwa kukanda, mwite nesi, kwasababu inaweza ikawa damu imeganda ndani ya mshipa na ukisugua inakatika inaenda mapafuni.

Kugeuza ni kila masaa mawili hivi, usiku na mchana. Ngozi ya makalio, visigino na mgongo inakandamizwa pale pale kwasababu yeye hawezi kujisogeza kama sisi tunavyojigeuza usingizini bila kujua. Ukiona wekundu, au kwa ngozi zetu nyeusi, sehemu imekua nyeusi zaidi au ina joto na haibadiliki ukiibonyeza, hicho kidonda kinaanza. Shuka likilowa libadilishe saa hiyohiyo.

Presha nayo inawachanganya ndugu sana. Unaona mashine inasoma 180, daktari anapita hata hashtuki, unaona kama wanamtelekeza mtu wako, unatoa kile kidonge chake cha nyumbani unampa kimyakimya. Usifanye hivo. Kama kiharusi ni cha kuziba, siku za mwanzo madaktari mara nyingi wanaiacha presha iwe juu kwa makusudi mpaka kiwango fulani, kwasababu kuna sehemu ya ubongo pembeni ya ile iliyokufa ambayo iko hoi ila bado hai, na ile presha ndo inasukuma damu ifike pale. Ukiishusha ghafla unaimaliza. Kile cha kupasuka ni tofauti, hicho wanaishusha mapema. Wewe unachotakiwa ni kuuliza, mzee wangu ni kipi kati ya hivyo viwili, na presha mnaitaka ngapi. Tukiuliza kwa adabu wanatujibu.

Kuhusu mazoezi kuna makosa ya pande mbili. Kuna wanaosema mwache apumzike mwezi mzima, na kuna wanaotaka asimame siku hiyohiyo ili mishipa isikauke. Mwaka 2015 ulitoka utafiti mkubwa wenye wagonjwa zaidi ya 2,000 ukaonyesha kwamba kumtoa mgonjwa kitandani mapema mno, ndani ya masaa 24 ya kwanza, na kumfanyisha sana, matokeo yake yalikua mabaya kidogo kuliko wale walioenda taratibu. Kwaiyo siku ya kwanza tulia, baada ya hapo aanze kukalishwa na kusimamishwa akiwa na mtu anaejua, kidogo kidogo mara nyingi, sio mara moja ndefu ya kumchosha. Na anachoka kweli. Uchovu wa kiharusi sio uvivu, ubongo unafanya kazi ya ziada kwa kila kitu, hata kukaa nusu saa kwenye kiti kwake ni kama sisi kushinda shambani tunapalilia.

Ila hapa ndo penye tumaini. Seli zilizokufa hazirudi, lakini zilizobaki zinaweza kujifunza kazi za wenzao, kama vile njia ya Newala ikikatika na mvua watu wanaanza kupita ya porini, mwanzo ni vichaka, wakipita kila siku inakua barabara. Na inakua barabara kwa kupitwa, sio kwa kutazamwa. Ukimlisha mwenyewe kila kijiko wakati mkono wake wa kushoto unaweza kushika, ukimvalisha kila kitu yeye kakaa tu, ile njia haipitwi. Ilikua ngumu sana kwangu. Bamkubwa alichukua dakika kama ishirini kufunga vifungo vitatu vya shati, mkono wa kulia nimeuweka juu ya shati lenyewe ili nao uwepo kwenye shughuli, mimi nimekaa juu ya mikono yangu ili nisimsaidie. Kifungo cha tatu kilipoingia alinitazama hivi, nikatoka nje nikasimama kwenye korido.

Miezi 3 ya kwanza ndo mwili unarudi kwa kasi zaidi, kwaiyo hizi siku za wodini sio za kusubiri tu. Baada ya hapo bado watu wanaendelea kupata nafuu, hata baada ya mwaka, ila taratibu. Usimwahidi atapona lini, manake hata daktari hawezi kukuambia tarehe.

Maneno. Bamkubwa wiki ya kwanza alikua na neno moja tu, "hivo". Akitaka maji, hivo. Akitaka mkojo, hivo. Akikasirika, hivo hivo hivo. Watu wakaanza kuongea mbele yake kama hayupo, mmoja akauliza kwa sauti kubwa nani atasimamia mikorosho. Machozi yakamtoka. Alikua anaelewa. Kupoteza maneno sio kupoteza akili, wengine wanaelewa karibu kila kitu ila neno halitoki, wengine neno linatoka lisilo lake, anasema kijiko akimaanisha mke. Ongea nae taratibu sentensi fupi, usipige kelele, yeye sio kiziwi. Muulize maswali ya ndio na hapana, umwonyeshe kikombe na mto, alafu subiri. Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo kabla hujammalizia sentensi.

Na kuna jambo ambalo wodi nzima ilinyamaza lilipotokea. Ijumaa moja baba mdogo alikaa pembeni ya kitanda akaanza kusoma Alhamdu kwa sauti ya chini, na bamkubwa, yule wa "hivo", akaungana nae kwenye aya ya pili akaenda nayo mpaka Amin, matamshi safi. Shangazi alipiga kelele. Baadae tukaelezwa kwamba vitu vilivyokaririwa tangu utoto, kama sura, sala, nyimbo, kuhesabu, siku za wiki, mara nyingi vinabaki hata maneno ya kawaida yakipotea, kwasababu havipiti njia ileile. Haikumaanisha kapona, dakika mbili baadae aliomba maji kwa "hivo". Ila tulipata mlango. Kila asubuhi tukawa tunahesabu nae, moja mbili tatu, tunamwachia ya nne aseme mwenyewe.

Mzee mwengine kitanda cha pili, mvuvi, yeye aliumia upande wa kulia wa ubongo. Anaongea vizuri tu, ila alikua anakula nusu ya sahani, ile ya kulia, alafu analalamika kwamba wanampunja. Ukigeuza sahani anashangaa samaki katoka wapi. Macho yake mazima, ni ubongo umesahau kwamba kuna kushoto duniani. Wa hivi kaa upande anaousahau uongee nae kutokea huko, umguse huo mkono, umtajie ni wake, lakini vitu vya hatari na kengele ya kumwitia nesi weka upande anaouona. Na usimwache peke yake kwenye ukingo wa kitanda, wa aina hii anajiona mzima na anaanguka.

Atalia pia. Au atacheka pasipo na cha kuchekesha. Wakati mwingine ni ubongo wenyewe umepoteza breki, unamgusa bega la upande mzima mnabadilisha mada inapita. Lakini kama siku zinaenda hataki kula, hataki kuona mtu, halali, mwambie daktari, huzuni baada ya kiharusi inampata karibu mtu mmoja kati ya watatu na ina matibabu. Na wageni wapunguzeni. Najua desturi yetu, mtu akilazwa Tandahimba inahamia Mtwara na ndizi na mafenesi, na kumzuia mtu kuona ndugu yake ni aibu. Sisi tulimweka binamu mmoja mwenye heshima mlangoni, wanaingia wawili wawili, dakika tano, wengine wanakaa chini ya mti na kupewa habari pale.

Kinachotakiwa kukukimbiza kwa nesi saa yoyote: kichwa kimeuma ghafla sana, anazidi kusinzia haamki vizuri, degedege, udhaifu umeongezeka, homa, pumzi imebana.

Kabla ya kuruhusiwa usikubali kuondoka na karatasi tu. Uliza kila kidonge ni cha nini na mpaka lini, uliza presha iwe ngapi, uliza mazoezi yataendelea wapi na nani, waambie wakuonyeshe kumtoa kitandani kwenda kwenye kiti alafu ufanye wewe wao wakuangalie. Dawa za presha nyingi ni za maisha, haziachwi kwasababu mashine imesoma vizuri, imesoma vizuri kwasababu anameza. Kiharusi cha pili kinakuja kwa wengi walioacha dawa wakajiona wazima. Chumvi tulipunguza, na hilo kwa nyumba inayopenda ng'onda, yani samaki wa kukaushwa na chumvi, sio kazi ndogo, shangazi saivi anamloweka samaki usiku kucha na kumwaga maji mara mbili, na kwa bamkubwa anampikia kivyake samaki mbichi akipatikana.

Yuko nyumbani sasa mwezi wa tatu. Anatembea na fimbo mpaka kwenye mkorosho wa kwanza na kurudi, mkono wa kulia bado mgumu, maneno yameongezeka ingawa jina langu analichanganya na la marehemu mdogo wake. Vidonge vyake tumeviweka kwenye kopo pembeni ya redio, manake taarifa ya habari ya saa mbili usiku huyo mzee hajawahi kuikosa.